Mwaka Tuliokaa

Simu ililia mchana nikiwa uani napepeta mchele. Aliyepiga alikuwa mwanamke anayesema Kiingereza cha haraka, kwa hiyo nikampa binti yangu aongee naye. Binti yangu alisikiliza, akaitikia, akasikiliza tena, halafu akafunika simu kwa kiganja akaniambia, "Mama, huyu ni mpwa wake Mama Loreta. Anasema shangazi yake amefariki. Namba yako wameikuta kwenye simu ya marehemu." Nikauliza amekufaje, nikaambiwa usingizini, uzee tu. Nikamshukuru Mungu kwa hilo. Kisha yule mpwa akauliza kitu kingine, na binti yangu akanitafsiria bila kukifikiria sana: "Anauliza mlijuana vipi. Mlikuwa mnafanya nini pamoja huko Ifakara." Nikasema, "Mwambie tulikuwa tunakaa." Binti yangu akanitazama. "Nimwambie mlikuwa mnaishi nyumba moja, au mlikuwa mmeketi?" Nikamwambia achague yeye, aliyesoma. Nikarudi kwenye ungo wangu, lakini mkono haukuwa na mimi tena, na mchele mwingi uliwaangukia kuku.

Mimi ni mtu wa kuandika-andika. Tangu nilipomaliza darasa la saba nimekuwa nikiandika mambo madogo: mvua imeanza lini, nani kaja, nani kaondoka. Lakini mwaka ule, uliofuata mvua kubwa za El Nino, kila nikiuandika nauchana. Naona nimempendelea mtu, au nimemwonea mtu, au nimejifanya nilielewa siku ile jambo nililokuja kulielewa baadaye sana. Sasa Mama Loreta hayupo, na Mzee Sirisena alitangulia zamani, na Mwalimu Beatus akili zake zimechanganyika, ananiita kwa jina la dada yake. Nisipouandika mimi hakuna wa kuuandika. Nitajitahidi kila mtu nimpe haki yake. Nikikosea, ni kwa kusahau, si kwa kutaka.

Chumba tulimokaa kilikuwa zamani ghala la mpunga, pembeni mwa mji, njia ya kwenda Michenga. Kuta zilipakwa chokaa lakini pumba ziliendelea kutoka kwenye nyufa za sakafu kila upepo ulipopita chini ya mlango, na mvua ikikaribia chumba kizima kilinuka mpunga mbichi, utadhani wenyewe wamesahau gunia mahali. Tulitandika mikeka ya ukindu na juu yake mito ya sufi niliyoishona mwenyewe. Dirisha lilikuwa moja, linatazama kiwanja kilichokuwa wazi mpaka kwenye mistari ya mitiki michanga. Nyumba ilikuwa ya Mzee Sirisena, mtu wa Sri Lanka, fundi wa mashine za kukoboa aliyekuja ujanani na kampuni, kampuni ikaondoka, yeye akabaki. Mama Loreta alikuwa Mmarekani mweusi, mrefu, mwenye nywele fupi za mvi, nesi aliyekuja kufundisha wakunga. Wote wawili walifuata mafundisho ya Buddha, kila mmoja kwa namna ya kwao, na walipokutana sokoni wakajuana kwa namna nisiyoijua. Mwalimu Beatus wa shule ya msingi aliingia kwa kupenda kujua mambo. Mimi niliingia kwa mlango wa jikoni, kuwapikia, halafu siku moja Mama Loreta akanisogezea mto akasema, "Dora, na wewe."

Mzee Sirisena aligonga bakuli la shaba, sauti ikazunguka kuta mpaka ikaisha, ndipo tukaanza. Tukaanza nini, hapo ndipo palipokuwa pagumu kuwaeleza watu. Hatukuimba, hatukuomba, hatukusoma. Tulifuata pumzi zetu zikiingia na kutoka, basi. Mimi ni Mkatoliki na sikuacha kwenda misa, na hakuna aliyeniambia niache. Kwa Kiingereza jambo lile lilikuwa na jina lake, Mwalimu Beatus akalitafsiri "kukaa", na jina likabaki hilo. Tunakaa asubuhi. Leo hatukai. Mgeni wetu alikaa vizuri. Majirani walipotuona mara ya kwanza kupitia dirishani, watu wameketi chini kwenye mikeka, kimya, macho chini, walirudi nyumbani wakajifunga kanga wakaja na unga na kuni. Mama mmoja alikaa karibu nami, akanishika mkono, akaninong'oneza, "Pole, mwanangu. Nani ametutoka?" Nilipomwambia hakuna aliyekufa aliniangalia kwa huruma zaidi, kama anavyoangaliwa mtu anayeficha ugonjwa. Kwetu ukimwona mtu ameketi mkekani na wenzake, kimya, hana kazi mkononi, hakuna maana mbili. Baada ya hapo walituzoea, wakatuita wafiwa. "Wafiwa, hamjambo? Marehemu hajaoza tu?" Tulicheka nao. Mama Loreta alicheka kuliko wote, alipoelezwa.

Siku za Alhamisi baada ya kukaa tulikunywa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha, na hapo Mama Loreta alitaka tuzungumze habari za haki. Alisema mtu akikaa kimya bila kuuliza nani amefungiwa nje ya mlango, huyo amelala tu, amelala akiwa wima. Ndipo alipotusimulia habari za kwao. Alikuwa na umri kama wangu wa wakati ule, mwanafunzi wa unesi, na katika mji wake mtu mweusi aliweza kununua sabuni dukani lakini si kukaa kwenye kiti cha mkahawa wa duka lile lile akanywa kahawa. Yeye na wenzake wakaenda wakakaa. Hawakusema kitu, walifungua vitabu vyao wakasoma. Kijana mmoja wa kizungu alikuja na kopo la sukari akalimimina polepole kichwani mwake, na akasema jambo lililomkaa mpaka leo si ile sukari bali yule msichana mhudumu, mzungu, aliyesimama upande wa pili akifuta pale pale mezani palipokuwa pakavu, anafuta, anafuta. Mwalimu Beatus akamwuliza, "Ulimchukia, mama?" Akafikiri. "Nilimwogopa," akasema. "Na yeye aliniogopa. Tulikuwa karibu kama mimi na wewe." Halafu akauliza kwa Kiswahili chake, "Mwalimu, tunasema nini? Sisi tuli... " Mwalimu akasema, "Mlikaa." Mama Loreta akacheka kidogo. "Neno lile lile?" "Lile lile, mama. Sisi tunalo moja tu."

Masanja tulimkuta kwa Mama Zuhura, aliyeuza wali na samaki pembeni mwa soko. Nilikuwa nimemsindikiza Mama Loreta kununua viungo. Masanja alikuwa Msukuma kijana, mrefu, kofia, fimbo begani, amevaa makubadhi ya tairi. Wakati ule Wasukuma walikuwa wameanza kuingia bondeni na ng'ombe wao kutoka kanda ya Ziwa, na watu wetu hawakuwa wamepata namna ya kuwatazama. Alipotaka kuketi kwenye benchi, Mama Zuhura akamwambia, "Baba, wewe chukua sahani ukakae kule nje. Fimbo yako itawatoboa watu macho." Mtu mmoja akadakia, "Konokono huyo, nyumba kaiacha wapi leo?" Watu wakacheka, na Masanja naye akacheka, akasema, "Nimeiacha kwa mkeo, anaifagia," wakacheka zaidi, na akatoka akachuchumaa kando ya mfereji na sahani yake. Niwe mkweli kwa Mama Zuhura: kipande alichompakulia kilikuwa kikubwa kuliko changu, na mwezi uliopita ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mihogo yake na hakuna aliyemlipa hata pole. Hakuwa mtu mbaya. Mimi mwenyewe niliona ni kawaida, nikaendelea kula. Nilipoinua macho ndipo nikaona Mama Loreta ameacha kutafuna. Alisimama na sahani yake, akatoka, akachuchumaa karibu na Masanja, magoti yakalia.

Nikawafuata. Masanja alikuwa akimweleza kwamba wamepiga kambi karibu na mto, maji yanapanda, na wenyeji wa pale wamewaambia waondoke, na mke wake ana mimba kubwa. Mama Loreta alimsikiliza, macho yake yamejaa, sijui kama alikuwa akimwona yeye au akijiona mwenyewe kwenye kile kiti cha kwao. Akamshika mkono. "Njoo ukae na sisi," akamwambia. "Wewe na mke wako. Sisi tunakaa kila siku. Karibu sana." Masanja akanigeukia. "Dada, huyu mama ana eneo?" Nikamjibu, "Lipo eneo kubwa, na kisima kipo." Nilidhani ameuliza kama watu wanavyouliza.

Siku ya tatu tukiwa mkekani tulisikia kengele, si ya bakuli. Zilikuwa kengele za shingoni, nyingi, zinakuja kwa njia ya mitiki. Mzee Sirisena hakufungua macho. Mimi nilifungua. Ng'ombe walijaza dirisha. Nyuma yao mkokoteni wenye vyungu, jiwe la kusagia, kuku kwenye tenga, watoto wawili juu ya magunia, na mwanamke mwembamba mwenye tumbo kubwa akitembea kwa mkono mmoja kiunoni. Masanja akavua kofia mlangoni, akasalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, mama. Tumefika." Mama Loreta akatoka, akawatazama wote, akanigeukia. "Dora. Nilisema nini?" Nikamwambia, "Ulisema waje wakae." "Nilisema waje kukaa," akasema, akaonyesha mto. "Ndiyo, mama. Ndivyo ulivyosema." Nikaona jambo likiingia usoni mwake taratibu. Mwalimu Beatus alikuwa ametoka pia, akasema kwa upole kwamba tuwaeleze, ni kosa la lugha, watu wazima wataelewa. Hakukosea. Mpaka leo nikilipima neno lake silioni kosa. Lakini Mama Loreta alikuwa akimtazama yule mwanamke aliyekuwa bado amesimama na mkono kiunoni, akingoja kuambiwa pa kuweka chungu. Akasema, "Basi wakae."

Wakajenga kibanda cha matete kule mwisho wa kiwanja. Mwanamke aliitwa Kabula. Alikuwa na maneno machache na vicheko vya ghafla, na nilimpenda. Aliniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, amevipika na karanga, na nilipomletea wali wenye kambale alichokonoa yule samaki kwa kidole akasema, "Huyu ana ndevu kama baba mkwe. Nitamlaje?" Lakini alimla. Masanja alikuja kukaa nasi asubuhi, kukaa kwa kweli, fimbo ameiacha nje imeegemea ukuta. Mwalimu Beatus alimtania kwamba Wasukuma wanajua kukaa kimya kwa sababu wamezoea kuongea na ng'ombe. Masanja akamjibu kwamba ng'ombe hajibu upuuzi, ndiyo maana mazungumzo yao yanakwenda vizuri. Siku moja Mama Loreta alimpima Kabula ndani ya kibanda, mimi nikiwa nimeshika pazia. Alimpapasa tumbo kwa muda mrefu, akabonyeza juu, akabonyeza chini, uso wake ukawa uso wa kazini. Akatafuta neno. "Mtoto amekaa," akasema. Kabula akacheka kile kicheko chake. "Hata yeye?" Mama Loreta hakucheka. Kichwa kilikuwa juu, matako chini. Alisema mtoto akibaki hivyo, Kabula asijifungulie porini wala mkokotenini. Akae karibu na hospitali mpaka siku itakapofika. Kabula alikuwa ameshazika watoto njiani, katika kuhama kwao, hakusema wangapi. Akamshika Mama Loreta kifundo cha mkono akasema, "Basi mama, tutakaa. Si ulituambia."

Kwa hiyo kuanzia hapo sote tulijua jambo lilikuwa moja: watu hawa wasiondoke kabla Kabula hajajifungua. Ndipo vitalu vya mpunga vya mama yake Mwalimu Beatus vikaliwa. Miche yote, iliyobaki ikakanyagwa kwenye tope. Masanja aliapa ng'ombe wake walikuwa wamefungwa, na mimi niliwaona wamefungwa jioni, lakini alfajiri sikuwaona, na makundi mengine yalikuwepo. Sitasema walikuwa wake wala hawakuwa wake. Bibi yule alikuwa mjane, alikaa pembeni ya shamba lake mikono kichwani, na hilo nililiona. Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano. Watu walisema mengi, mengine mabaya. Mtu mmoja akasema hawa si wakazi wa hapa, warudi walikotoka. Mwenyekiti, ambaye alitafuta njia, nampa haki yake, akasema mgeni huwa na mwenyeji. Akisimama mwenyeji mmoja aseme hawa ni wageni wangu, nawajibika kwa mifugo yao, wanaweza kubaki mpaka mama ajifungue. Mama Loreta akasimama. Akaambiwa kwa heshima, "Mama, wewe mwenyewe mgeni." Mzee Sirisena akasimama, akaambiwa hivyo hivyo, naye alikuwa ameishi pale kabla sijazaliwa. Mimi nikasimama. Wazee wakatabasamu, mmoja akasema, "Binti, wewe huna hata jembe lako." Wote tukamtazama Mwalimu Beatus. Alisimama, akavua miwani, akaivaa. "Hawa watu nimekaa nao," akasema. "Sina ubaya nao. Lakini mama yangu mwaka huu atakula nini, na mimi nimesimama hapa nawatetea? Siwezi. Mnisamehe." Akaketi. Ikaamuliwa mgambo waje asubuhi ya Jumatatu wawaondoe.

Jumapili jioni, ingawa haikuwa Alhamisi, tulizungumza. Mama Loreta alikuwa na hasira, akasema hasira yake ameikalia maisha yake yote na bado ina moto. Mzee Sirisena, ambaye kwa kawaida alikunywa chai tu, akaweka kikombe chini. Alisema kwao jirani yake alikuwa mwenye duka, Mtamil, na watu wa kabila lake yeye Sirisena walisema maneno yale yale tuliyoyasikia mkutanini: hawa si wa hapa, warudi walikotoka. Alikuwa amekwenda kwao likizo. Kundi la watu lilipokuja mchana kuchoma duka, yeye alikuwa amekaa, ndani, mbele ya sanamu ya Buddha. "Nikasikia kioo," akasema. "Nikasikia watoto wake, wale niliowanunulia pipi jana yake. Nikahesabu pumzi zangu. Nilijiambia, Sirisena, sauti inakuja, sauti inakwenda." Akakisukuma kikombe mbali. "Ndiyo maana sikurudi kwetu. Watu hudhani napenda Ifakara." Nje Kabula alikuwa akitwanga, tukasikia mchi. Mama Loreta akasema polepole kwamba kesho tutakaa, lakini si humu ndani. Tutakaa langoni, njia yote, kama walivyokaa wao kule dukani. Mgambo wakitaka kupita watukanyage. Mzee Sirisena akasema, "Ndiyo."

Asubuhi tukatandika mikeka njiani, kutoka mti mmoja wa lango mpaka mwingine. Jua lilikuwa limeanza kuuma, nikajitanda kanga kichwani, Mama Loreta naye akajitanda kama mimi. Mzee Sirisena alivaa nguo nyeupe. Tukainamisha macho. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba pumzi sikuziona zilipo. Nikasikia buti zikija, na watu wengi nyuma yao, maana watu hawakosi jambo kama hilo, na kelele, na utani, "Konokono anahamishwa leo." Halafu kelele zikakatika. Zilikatika zote pamoja. Nilifungua jicho kidogo nikaona kiongozi wa mgambo, mzee wa makamo kutoka mjini asiyetujua, akivua kofia. Akachuchumaa. "Poleni wafiwa," akasema kwa sauti ya chini. "Hatukuwa na habari." Nyuma yake hata wanawake waliozoea kututania, kwa kuona tumejitanda, walikuwa wanateremsha kanga kutoka mabegani kwenda kichwani. Mmoja akaketi kwenye ukingo wa mkeka, mwingine akaketi, na Mwalimu Beatus, aliyekuja na mgambo kuonyesha njia, akavua kofia yake akaketi chini kwenye vumbi. Najua alikuwa anajua. Alijua kuliko wote tulivyokaa na kwa nini. Sijawahi kumwuliza. Naamini aliona mlango umefunguka akaushika usifunge. Kiongozi akanong'ona na wenzake, kisha akasema, "Penye msiba hatufukuzi mtu. Tutarudi baada ya matanga." Wakaondoka kwa miguu ya taratibu, kofia mkononi.

Mama Loreta alinikumbatia. Alikuwa analia na kucheka, akasema kwao iliwachukua miezi. Mzee Sirisena alikuwa bado amekaa, viganja vyake viwili vimefunika uso. Mwalimu alisimama akajikung'uta vumbi akaenda zake. Na mimi nilifurahi, lazima niandike hivyo, nilifurahi kama nimepasi mtihani. Nikageuka kumtafuta Kabula nimwambie. Alikuwa amesimama nyuma yetu, karibu kabisa, sijui tangu lini. Watoto wake alikuwa amewashika mikono.

"Nani kafa?" akauliza.

Masanja akamwambia hakuna aliyekufa. Akamweleza kwa Kisukuma, kwa haraka, akionyesha barabara, mgambo wameondoka, tumeokoka. Kabula alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza tena kwa Kiswahili, ili tusikie. "Watu wametandika mikeka mlangoni pangu. Wamejitanda. Watu wamewapa pole, nimesikia kwa masikio yangu. Nani kafa?" Akaweka mkono juu ya tumbo. "Basi mmemlilia huyu. Hajafika na mmeshamlilia. Mnanichuria, mama."

Mama Loreta hakulijua neno. Nilimwambia ni kumwitia mtu mkosi, kumtamkia baya likamfuata. Nikaona uso wake. Akapiga magoti mbele ya Kabula pale njiani, akasema, "Dora, mweleze. Mwambie kukaa huku si kule. Mwambie." Nikajaribu. Nikasema kuna kukaa kwa kufiwa, na kuna kukaa kwa kuvuta pumzi, na kuna kukaa kwa kudai haki, na nilivyokuwa nasema nilisikia maneno yangu yakiwa neno moja tu linalozunguka, na Kabula akinitazama kama mama yule wa jirani alivyonitazama zamani, kwa huruma. Masanja alimsihi. Mama Loreta alimsihi habari za mtoto alivyokaa, za hospitali, za damu. Kabula hakuwa na hasira. Alisema, "Hospitali iko hapa, na matanga yako hapa. Sitajifungulia penye matanga." Akaingia kibandani, na tukasikia vyungu vikifungwa.

Niliwasindikiza kwenye barabara ya Mlimba, walikuwa wakielekea upande wa Mngeta ambako shemeji yake Masanja alikuwa na boma. Kabula alikataa kupanda mkokoteni, alisema unamtikisa. Tulitembea nyuma, mimi na yeye, kwenye vumbi la ng'ombe. Nilitaka kuomba msamaha sikujua wa nini. Alinisaidia yeye. Alisema yule mama ana moyo, na kwamba hata wao Wasukuma wana watu wanaokosea kwa moyo mweupe, ndio wa kuogopwa kuliko wote, kwa sababu huwezi kuwapiga. Akacheka. Halafu akasema, "Rudi sasa, anayesindikiza harudi usiku." Nikasimama nikawatazama mpaka kengele zikapotea, lakini masikioni nilikuwa bado nazisikia, na nilipofika nyumbani nilikuwa bado nazisikia.

Wakati wa mavuno nilikwenda upande wa Mngeta na akina mama wengine kuvuna mpunga wa watu. Siku ya mnada nikamwona Masanja kwenye uwanja wa ng'ombe, kofia ile ile, ananunua chumvi ya mifugo. Alifurahi kuniona, kweli alifurahi, akaniuliza, "Bado mnakaa?" Nikamwambia bado tunakaa. Nikamwuliza, "Kabula hajambo?" Akasema, "Hajambo." Nikakusanya nguvu. "Na watoto hawajambo?" Akasema, "Hawajambo." Alisema hivyo akinitazama usoni, anatabasamu kidogo, kama mtu yeyote anavyojibu. Aliondoka nao wawili. Hawajambo wanaweza kuwa wawili. Hawajambo wanaweza kuwa watatu. Kuuliza ni wangapi singeweza, watoto wa mtu hawahesabiwi, na mimi wa kumhesabia watoto nilikuwa wa mwisho duniani. Hata mtu aliyezika jana, ukimsalimu njiani, atakujibu hivyo, kwanza anakujibu hivyo, na habari yenyewe hufuata kama anataka ikufikie. Nilingoja ifuate. Masanja alijitwisha chumvi yake, akaniaga.

Mama Loreta alikuwa anafunga mizigo, muda wake wa kazi ulikuwa umekwisha. Nilimkuta ameketi kitandani kati ya nguo. Nilimpa habari kama nilivyoipata, bila kuongeza. Kwa muda uso wake uling'aa, kisha ukafifia. Alikuwa ameshakijua Kiswahili zaidi ya nilivyodhani. "Na kama mtoto hayupo," akaniuliza, "angesema nini?" Nikamwambia, "Angesema hawajambo, mama." Akalirudia neno, polepole, akilisikiliza, kama anayeonja mchuzi wa mwenzake asiseme umepungua nini. Akauliza kama hakuna namna nyingine ya kuuliza. Nikamwambia ipo. Uende kwao, ukae, usiulize kitu, unywe maziwa, mpaka watoto wenyewe wapite mbele yako mmoja mmoja wakikuamkia. Akatazama mabegi. Treni yake ilikuwa kesho yake.

Mimi sikuwa na treni. Mngeta nimepita mara nyingi tangu siku zile, nimepita na macho yangu yameangalia magoti. Maadamu sijakwenda kukaa kwa Kabula, mtoto yule yupo. Sasa hivi ni mtu mzima, ana ng'ombe wake, au ana mimba ya pili, anamkataza mumewe kumpandisha mkokotenini. Jioni ya siku ile ya simu binti yangu aliniambia yule mpwa amepiga tena, anataka kujua kama kuna jambo lolote shangazi yake aliliacha huku bila kulimaliza, ili familia ilimalize. Nikamwambia amjibu huku hawajambo.